Somo la Redio: Sauti Tuliyoizoea

 Natumaini mmekwisha kaa, kila mtu na daftari yake na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: mtangazaji, kipindi, ungwana. Nanyi wanafunzi, yasomeni kwa sauti mara mbili. Vyema.

Mtangazaji ni mtu asemaye katika redio. Kipindi ni mazungumzo au muziki uliopangiwa siku yake na saa yake. Neno la tatu, ungwana, tutalirudia baadaye, maana ndani yake mna somo la leo.

Leo tutamkumbuka mtangazaji mmoja wa Kenya, jina lake Leonard Mambo Mbotela. Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1940, akafariki mwezi wa Februari, mwaka wa 2025. Ikiwa wewe ni mtu mzima uliyekulia Kenya, huenda umekwisha isikia sauti yake moyoni kabla sijamaliza kulitaja jina. Ikiwa u kijana, muulize mama yako.

Kwanza tufahamu sababu ya mtu mmoja kujulikana na watu wengi hivyo. Utangazaji ulianza Kenya mwaka wa 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya Wazungu. Matangazo kwa lugha za Waafrika yalianza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya Uhuru, mwaka wa 1964, redio ikawa mali ya serikali, ikaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka huohuo Bwana Mbotela aliingia kazini. Tangu hapo, kwa miaka thelathini hivi, nchi nzima ilikuwa na shirika moja tu la utangazaji. Redio zenyewe hazikuwa nyingi. Jirani mwenye redio aliiweka dirishani, na watu wakakusanyika nje. Mawe ya redio yakichoka, yalianikwa juani ili yapate nguvu kidogo. Basi sauti iliyosikika Mombasa ndiyo iliyosikika Kisumu, saa ileile.

Mwaka wa 1966 Bwana Mbotela alianzisha kipindi kilichoitwa "Je, Huu ni Ungwana?" Kiliendelea kwa zaidi ya miaka hamsini. Alizungumza juu ya adabu za kila siku, kisha akamwuliza msikilizaji swali hilo. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Umealikwa arusini. Imeletwa sahani moja ya watu wanne. Wewe, kabla wenzako hawajanawa mikono, unazivuta nyama zote upande wako. Je, huu ni ungwana?

Tazama jinsi njia hii ilivyo nzuri. Mtu hatajwi jina wala hatukanwi. Anaulizwa tu, naye anajijibu mwenyewe kimyakimya. Mwenye kosa anacheka pamoja na wengine, lakini kesho anangoja wenzake wanawe. Wiki baada ya wiki, watu wakamwona mtangazaji huyu kuwa kama mjomba wao, mtu mwenye maneno ya kuaminika.

Sasa turudi kwenye neno letu la tatu. Hapo kale, katika pwani yetu, mwungwana alikuwa mtu huru, yaani mtu asiye mtumwa. Baadaye neno likapata maana ya mtu mwenye adabu. Jamaa ya Bwana Mbotela ilitokana na watu waliookolewa katika utumwa, wakakaa Freretown, karibu na Mombasa, mji uliowekwa kwa ajili yao mwaka wa 1875. Basi mjukuu wa watu walionyimwa uungwana ndiye aliyewauliza Wakenya wote maana ya ungwana.

Sikilizeni sasa jambo lililotokea siku ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Waliiteka Sauti ya Kenya. Kisha wakaenda nyumbani kwa Bwana Mbotela alfajiri, wakamchukua kwa nguvu, wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imeanguka. Siku ileile askari waliomtii Rais waliiteka tena redio, na Bwana Mbotela akatangaza kwamba serikali ingali imara. Watu wengi waliuawa katika ghasia za siku hiyo.

Jiulize: Kwa nini askari walimfuata mtu huyu kitandani mwake? Mitambo walikuwa nayo. Kusoma walijua. Mmoja wao angeweza kusema maneno yaleyale. Lakini walifahamu kwamba watu hawamwamini mtu wasiyemjua. Walihitaji sauti iliyozoeleka. Imani iliyojengwa polepole kwa miaka mingi, wao walitaka kuitumia kwa asubuhi moja.

Hapa ndipo penye somo letu. Mwungwana, kwa asili, ni mtu huru. Asubuhi ile sauti ilikuwa ya mwungwana, lakini msemaji hakuwa huru. Aliyesikiliza redio hakuweza kuiona bunduki iliyokuwa chumbani. Kwa hiyo haitoshi kuitambua sauti. Tukisikia habari kubwa, tuulize mambo matatu: Ni nani asemaye? Je, yu huru kusema? Na je, kuna mwingine aliyethibitisha? Maswali haya yanafaa zaidi siku hizi, maana mashine zaweza kuiga sauti ya mtu yeyote, na kuileta katika simu iliyo mkononi mwako.

Sasa kazi ya nyumbani. Mtafute mzee mmoja umwulize ni mtangazaji gani anayemkumbuka. Andika sentensi tano: jina la mtangazaji, kipindi chake, siku kiliposikika, mahali mzee alipokuwa akisikilizia, na jambo moja alilojifunza. Usiogope makosa ya herufi. Sauti ikisha kusemwa hupotea hewani, na wazee wanaoikumbuka wanapungua kila mwaka. Mkikiandika wanachokumbuka, wajukuu wenu watakisoma.

Maswali ya darasani:
1. Neno "mwungwana" lilikuwa na maana gani hapo kale?
2. Kwa nini askari walimlazimisha Bwana Mbotela kutangaza?
3. Wewe unaiamini sauti ya nani, na kwa sababu gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.