Mabishano juu ya Kuchimba Bahari ya Lamu

Merikebu kubwa za siku hizi haziwezi kufunga gati mahali pasipo kilindi. Ndiyo sababu Serikali ya Kenya ilipoanza mwaka 2012 kujenga bandari mpya ya Lamu katika Ghuba ya Manda, ilibidi sakafu ya bahari ichimbwe mpaka kina cha mita 17.5 penye magati.

Mchanga na tope havitolewi baharini bila kuchafua maji. Mashine huvuruga chini, na mkondo hulichukua tope mbali na mahali pa kazi. Yafaa ifahamike ya kwamba tumbawe si jiwe tu. Hujengwa na wanyama wadogo sana, na ndani ya miili yao huishi mimea midogo zaidi ambayo huwalisha kwa nguvu ya jua. Maji yakijaa tope, nuru haifiki; na tope likitua juu yao huwaziba. Nyasi za bahari, malisho ya kasa na nguva, hudhurika vile vile. Hofu ya wakazi ilizidi kwa kuwa hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyowekwa mwaka 1979, iko upande wa kaskazini-mashariki katika kaunti hiyo hiyo.

Waliotaka bandari walitaja kazi kwa vijana na njia ya biashara kwenda Ethiopia na Sudan Kusini. Hoja hizo si za kupuuzwa, maana Lamu ilikaa nyuma miaka mingi. Lakini wavuvi nao walikuwa na neno ambalo mtu wa bara huenda asilitambue upesi. Wakati wa kusi bahari ya nje huchafuka, na mwenye mashua ndogo hathubutu kutoka. Miezi hiyo huvua ndani, katika mikono ya bahari na kando ya mikoko, na ni maji hayo ya ndani yaliyochimbwa. Kumwambia aende kuvua mbali ni kumwambia anunue chombo kingine.

Baadhi ya wakazi walipeleka shauri mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua ya kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na haki zao za mazingira safi na za utamaduni zilivunjwa. Iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wakati huo uchimbaji ulikuwa umekwisha anza. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021.