Rambirambi zikiisha, ndugu wanabaki wangapi?

Saa nne usiku simu yangu ililia. Kuangalia, nimeingizwa kwenye kundi jipya la WhatsApp. Lilikuwa na jina la beshte wangu wa shule ya upili, kisha neno "matanga". Baba yake alikuwa ameaga dunia.

Wajua vile mambo huenda. Orodha ikaanza kuzunguka, kila jina na kiasi chake. Nikatuma mia tano kwa M-Pesa, nikaandika "pole sana ndugu yangu". Jumamosi tukamzika mzee. Jumatatu nikatoka kwenye kundi. Wala sikuwa wa kwanza, kumi na kitu walikuwa wamenitangulia.

Miezi minane baadaye nikakutana naye stejini, akiitia abiria. Yeye ni kifungua mimba na wadogo wake wawili wako sekondari, kwa hivyo chuo aliacha mwaka wa pili. Hakunilaumu. Hata nauli yangu alikataa kuchukua. Lakini safari nzima nilijiuliza: lile neno "ndugu" nililoandika, lilikuwa na uzito gani?

Kuna kijana mwingine aliyepitia hayo zamani, mbali na hapa. Mwaka 1873 Michael McGivney alikuwa na miaka 20, akisomea upadri Canada, habari zilipomfikia kwamba baba yake amefariki. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, baba mfanyakazi wa kiwandani katika jimbo la Connecticut, Marekani. Michael alikuwa mkubwa kati ya watoto 13, ingawa sita walifariki wangali wadogo. Akiwa na miaka 13 tu tayari alikuwa kiwandani akitengeneza vijiko. Baba alipofariki, masomo yakasimama, akarudi nyumbani kusaidia mama.

Yeye alibahatika. Askofu alimsaidia kurudi seminari, na mwaka 1877 akapata upadri. Alipotumwa parokia ya St Mary's mjini New Haven, alikuta hadithi yake mwenyewe katika nyumba za waumini. Mwanamume anafariki, mshahara unakatika, mama anabaki na watoto bila kitu. Mahakama nayo ilitaka kujua nani atawatunza. Mwaka 1882 padri huyu alisimama mwenyewe mahakamani kuwa mlezi wa kijana mmoja aliyekuwa amefiwa na baba.

Lakini padri mmoja hawezi kuwa mlezi wa kila yatima mjini. Hivyo alikuwa amekwisha kuwakusanya wanaume wa parokia katika chumba cha chini ya kanisa, na tarehe 29 Machi 1882 chama chao kikasajiliwa rasmi: Knights of Columbus. McGivney alikuwa na miaka 29.

Sasa sikiza walivyofanya, kwa sababu mwanachama yeyote wa chama cha mtaani ataelewa mara moja. Ndugu mmoja akifariki, kila mwanachama anatoa dola moja. Mjane anapokea dola 1,000. Wanachama wakizidi 1,000, kiasi cha kila mmoja kinapungua. Na hawakungoja mtu afe. Ndugu akiugua na kushindwa kwenda kazini, aliweza kupewa hadi dola tano kwa wiki, kwa wiki 13. Akiwa bado kitandani baada ya hapo, wenzake wa tawi lake walikaa na kuamua wamsaidie vipi.

Umeona tofauti na lile kundi letu? Mia tano yangu ilitegemea huruma ya usiku ule. Dola moja yao ilitegemea ahadi iliyotolewa mapema, wakati kila mtu alikuwa mzima. Mjane hakuhitaji kujulikana na wengi wala kulia mbele ya watu ndiyo asaidiwe. Alikuwa na haki yake.

McGivney hakuishi kuona matunda yote. Alifariki Agosti 1890, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 38. Leo chama hicho kina wanachama zaidi ya milioni mbili, wote wanaume Wakatoliki wa miaka 18 na zaidi. Bima yake imekua kuwa biashara kubwa, lakini kazi za matawi bado ni za mikono: kukaanga samaki Ijumaa za Kwaresima ili kuchangisha pesa, kununulia watoto makoti ya baridi, kugawa viti vya magurudumu. Oktoba 2020 Kanisa lilimtangaza McGivney kuwa Mwenyeheri.

Hapa Kenya, parokia nyingi zina Chama cha Wanaume Wakatoliki, CMA. Shida ni kwamba vijana wengi tunakiona ni cha wazee. Ukiwa na miaka 25, kundi la vijana linaanza kukubana, na kule kwa wababa unaona utaitwa kijana wa kubeba viti. Basi unakaa katikati, peke yako, na marafiki 800 kwenye simu. Lakini kubeba viti ni mwanzo. Mzee unayembebea kiti leo ndiye atakayejua kwenu ni wapi siku mambo yakienda mrama.

Si lazima uwe Mkatoliki, wala mwanamume. Chukua tu kikundi chako, kiwe cha kanisa, cha msikiti, cha mpira au cha uwekezaji, mketi mkiwa wazima na mjiulize mambo matatu. Mmoja wetu akilazwa mwezi mzima, nani analipa kodi yake? Mzazi wa mmoja wetu akifariki, karo ya muhula unaofuata itatoka wapi? Na nani amepewa jukumu la kupiga simu wiki ya sita, wakati kila mtu ameshasahau?

Mimi nimechelewa, lakini nimeanza. Sisi watano tuliosoma pamoja tunaweka mia mbili kila wiki, na katibu wetu ana orodha. Beshte wangu bado yuko stejini. Septemba anataka kurudi chuo. Safari hii sitatoka kwenye kundi.