Mtoto Asiyesema si Mlozi

Ndugu mfanyakazi, mtoto wako ana miaka 3 na hasemi. Jirani anataja ulozi. Mwangalie wewe kwanza.

Mwenye akili pungufu huchelewa karibu katika yote: kutembea, kula, kusema. Hata hivyo mara nyingi hukutazama usoni, hukuonyesha mtumbwi ziwani kwa kidole ili mfurahi pamoja. Mwenye otizimu mara nyingi hafanyi hivyo. Ukimwita jina haitiki, ingawa sufuria ikianguka hugeuka. Hurudia jambo lile lile, na pengine kitu kimoja anakijua kuliko wenzake. Wengine wana yote mawili, kwa hiyo macho ya mzazi hayatoshi.

Huko Kampala madaktari walichukua Maswali 10 ya ulemavu kwa watoto wa miaka 2 hadi 9, wakaongeza 13 juu ya otizimu. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Huulizwa mzazi, si mtoto. Majibu hayatoi jina la ugonjwa. Yanaonyesha nani apimwe zaidi, masikio yakiwa ya kwanza, maana kiziwi naye haitiki.

Mlete dispansari na fishi yake. Mama aje pia: baba wa zamu haoni mambo ya mchana.