Kamera badala ya manati

UKIWATAJIA watoto wengi ndege, wa kwanza watakayemfikiria ni yule anayeweza kuangushwa kwa manati. Si ajabu, kwani hata baba zao walikua vivyo hivyo. Lakini siku hizi nyumba nyingi zina chombo kingine cha kulengea shabaha, nacho ni simu yenye kamera. Na kwa wakazi wa pwani, au familia iliyoteremka huko kupumzika, hakuna msimu wa kukitumia kama mwisho wa kaskazi, Februari na Machi, vidimbwi vinapokauka na wageni wa mbali wanapojiandaa kurudi makwao.

Wageni hao si watalii wa hotelini. Ni ndege wa matopeni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia na kuja kujilia kaa na minyoo katika hori ya Mida, kati ya Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke, yapata kilomita mia moja kaskazini mwa Mombasa. Miongoni mwao ni yule mrefu mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyo hutoka pande za Oman na Ghuba, ambako hutaga yai lake ndani ya shimo analochimba mchangani.

Siri ya Mida ni maji. Yakipwa kabisa, ndege hutawanyika mbali na utakachoambulia pichani ni vidoa vyeusi mithili ya pilipili manga iliyomwagwa sakafuni. Yakijaa pomoni, huwa wamehamia kwingine kupumzika. Wakati wao ni pale maji yanapoanza kujaa, kwa kuwa huwasukuma kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Basi kabla ya kuuliza nauli ya matatu, waulize wavuvi saa ya maji. Ukifika, kaa chini. Ndiyo, keti hapo hapo na suruali yako ichafuke. Ndege humwogopa mtu aliyesimama kuliko aliyechutama, na picha iliyopigwa usawa wa macho ya ndege hupendeza kuliko ile iliyopigwa kutoka juu. Jua na liwe mgongoni mwako.

Ukienda mara mbili, mwanzoni mwa Februari na tena mwishoni mwa Machi, utaona jambo la kushangaza. Kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda, ambaye Februari alikuwa wa rangi ya majivu, kifua chake kitakuwa kimeanza kuwa chekundu kama tofali. Anavaa nguo za harusi. Kutoka hapa safari yake ni hadi Siberia, huko kaskazini kabisa mwa Urusi, na mafuta ya safari hiyo anayapata katika matope haya. Mtoto aliyeziweka picha hizo mbili pamoja hahitaji mwalimu wa kumweleza kwa nini matope yasigeuzwe jalala.

Wadudu nao wana safari zao. Mwanzoni mwa kaskazi huonekana kerengende wa rangi ya dhahabu, makundi kwa makundi. Mwaka 2009 mtaalamu Charles Anderson, aliyekuwa akiishi visiwa vya Maldives, alichapisha utafiti uliopendekeza kwamba mamilioni ya hao huvuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki, wakisaidiwa na pepo zile zile zilizosukuma majahazi ya wazee wetu. Kwenda na kurudi alikukadiria kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000. Lakini anayekuja siye anayerudi: huzaa katika vidimbwi vya mvua, na kizazi kingine ndicho hushika njia.

Huyo ni mgumu kupigwa picha, maana hushinda hewani. Mtafute alfajiri akining'inia kwenye kijiti kabla jua halijampasha moto. Kerengende wekundu wa kandokando ya maji ni rahisi zaidi. Akiruka usimfukuze, ngoja pale pale, kwa kuwa aghalabu hurejea kijiti kile kile.

Vipepeo wana udhaifu mwingine, nao ni chumvi. Wakati wa kiangazi, palipobaki tope bichi katika njia za Arabuko-Sokoke, hukusanyika kunyonya maji yenye chumvi hata wakasahau hatari. Msogelee taratibu na kivuli chako kisimwangukie. Piga picha ya juu ya mabawa na nyingine ya upande wa chini, kwani wataalamu wengi hutambua jina lake kwa upande wa chini.

Katika eneo hili mdudu hai ana thamani ya fedha. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mwaka 1993, uliwapa wanakijiji njia ya kufuga vipepeo na kuuza pupa kwa maonyesho ya ng'ambo. Nao mpango wa ASSETS, ulioanza mwaka 2001, umetumia fedha za utalii wa Mida na msitu kuwalipia karo ya sekondari watoto wa jirani.

Kuna picha, hata hivyo, ambazo heri zisipigwe. Humo msituni mna bundi mdogo wa Sokoke, kimo chake sentimita 16 hivi, ambaye duniani hupatikana hapa na katika milima ya Usambara, Tanzania. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba bundi huleta kifo, kumbe huyu ndiye aliye hatarini. Mchana hulala kichakani. Anayempigia sauti ya bundi mwenzake kwenye simu ili ageuke, au anayekata matawi apate nafasi ya lenzi, anamwonyesha mwewe pa kwenda. Kiota nacho kitazamwe kwa mbali, tena kwa dakika chache.

Lakini picha iliyopigwa kwa adabu inaweza kuwa ushahidi. Chukua mnana wa Kilifi, ndege wa manjano na mweusi aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1913 na asiyepatikana nje ya kaunti hiyo. Kwa miaka mia moja wataalamu hawakujua anatagia wapi. Mwaka 2013 ndipo viota vyake vilipoonekana katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki. Mwaka huo huo ulianza mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya, ambao hupokea taarifa za raia wa kawaida: ndege gani, wapi, lini. Kwa hiyo usiifute tarehe ya picha yako, na andika mahali ulipoipigia.

Waliochelewa nao wasikate tamaa. Kufikia Mei wengi wa wageni wa Mida huwa wameondoka, lakini wale waliozaliwa mwaka uliotangulia aghalabu hubaki. Bado ni wachanga wa kuoa, na hata Juni utawakuta matopeni, wachache, na vifua vyao vya rangi ya majivu.