Majina ya Tovuti na Jinsi ya Kuyasoma

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani, karibu na Mafinga, Mkoa wa Iringa. Siku moja baba mdogo alikuja mbio, simu mkononi. Mtu asiyemjua alikuwa amempelekea ujumbe kwamba matokeo ya Kidato cha Pili ya binti yake yamekwisha kutoka, na kwamba akitaka kuyaona afungue tovuti aliyoelekezwa na kulipa shilingi elfu kumi. Jina la tovuti ile lilianza kwa neno "necta", basi baba mdogo hakuwa na shaka, akalipa. Matokeo hakuyaona, wala fedha hazikurudi, nazo zilikuwa fedha za mbolea. Mimi, ambaye nyumbani huitwa msomi, sikuweza kumweleza amekosea wapi. Niliporudi shuleni hapa Mbeya nilimwuliza mwalimu wetu, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kompyuta zilizounganishwa katika intaneti hazitambuani kwa majina, bali kwa namba ndefu. Binadamu hawezi kuzikumbuka namba zote hizo, kwa hiyo tumepewa majina badala yake. Hapo kwanza kompyuta zilikuwa chache, na majina yote pamoja na namba zake yaliandikwa katika orodha moja tu iliyotunzwa California, Marekani. Kompyuta zilipozidi kuwa nyingi, orodha ile haikuweza kutunzwa tena na mahali pamoja. Ndipo mwaka 1983 Mmarekani aitwaye Paul Mockapetris alipobuni njia ya kuigawa kazi, ili kila sehemu itunze majina yake yenyewe. Njia hiyo ndiyo itumikayo hata leo.

Ili tuielewe, na tufikirie bahasha ya barua. Mzazi anayemwandikia mwanawe hapa bwenini huanza na jina la mtoto, kisha shule, kisha sanduku la posta, kisha Mbeya, na mwisho Tanzania. Lakini mtu wa posta aliye ng'ambo haanzi kusoma juu, huanza chini. Kwanza hutazama nchi. Barua ikifika nchini hutazamwa mji, halafu sanduku. Jina la mtoto halina kazi mpaka barua ifike shuleni.

Jina la tovuti nalo ni vivyo hivyo, ila sehemu zake hutengwa kwa nukta. Tutwae mfano wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho jina lake ni must.ac.tz. Herufi tz zilizo mwisho ni za nchi yetu, nazo huitwa kikoa cha ngazi ya juu. Kabla yake kuna ac, yaani vyuo. Na kabla ya hiyo ndipo lilipo jina la chuo chenyewe. Ukiliandika jina hilo katika simu yako, simu huuliza seva ya kampuni inayokupa intaneti. Seva hiyo, kama haijui, huziuliza seva za mzizi, "Tz iko wapi?" Nazo hujibu, "Kaulize kwa watunzaji wa tz." Watunzaji wa tz nao huielekeza kwa watunzaji wa jina la chuo, na hapo namba hupatikana. Safari yote hiyo huisha kwa kufumba na kufumbua.

Kila nchi ina herufi zake mbili: Kenya ni ke, Uganda ni ug, Rwanda ni rw. Ipo pia miisho isiyo ya nchi yoyote, kama com na org. Mwisho wetu wa tz uliandikishwa mwaka 1995, na mwaka 2006 kilianzishwa hapa nchini kituo cha kuyatunza majina hayo, kiitwacho tzNIC. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ndiyo yenye madaraka ya kuyasimamia. Chini ya tz majina yamegawanywa: go.tz ni ya serikali, ac.tz ya vyuo, sc.tz ya shule, co.tz ya biashara, na or.tz ya jumuiya na mashirika.

Tofauti kubwa ni hii. Jina la go.tz hapewi mtu binafsi, bali ofisi ya serikali tu. Lakini jina la com mtu yeyote duniani aweza kulilipia, mradi halijachukuliwa na mwingine. Kwa hiyo iringa.go.tz ni tovuti ya serikali ya Mkoa wa Iringa, lakini neno "iringa" likiwekwa mbele ya com si lazima liwe la serikali. Majengo ya Mbeya si Majengo ya Moshi, ingawa jina ni moja.

Sasa twaweza kuona baba mdogo alipokosea. Alisoma mwanzo wa jina akaacha mwisho. Mwenye jina aweza kuongeza mbele yake maneno yoyote apendayo, hata "necta", hata "go" na "tz", na hakuna wa kumzuia. Kinachomtambulisha ni mwisho. Basi, ukiacha ile https:// ya mwanzo, nenda mpaka kwenye alama ya mshazari (/) ya kwanza, kisha soma kurudi nyuma. Jina la Baraza la Mitihani ni necta.go.tz, na kutazama matokeo humo hakuna malipo.

Nilimwandikia baba mdogo mambo haya yote. Alipokuja kunitembelea mwezi uliopita alinionyesha ujumbe mwingine alioletewa, safari hii wa mbegu za bei rahisi. Aliweka kidole chake mwisho wa jina, akasema, "Huyu si wa serikali," akaufuta.

Wenzangu, wengi wetu ndio tunaotegemewa na wazee wetu nyumbani katika mambo ya simu. Tukienda likizo tuwafundishe jambo hili kabla hawajapata hasara, wala tusione haya kuuliza tusilolijua. Kuuliza si ujinga.