Mbawakawa wa mbojini: Mwindaji wa wadudu waharibifu anayeogopwa kwa sumu yake

MVUA inapokolea nchini Kenya, si ajabu mtu kuamka akiwa na mstari mwekundu shingoni au kope zilizovimba, na baadaye malengelenge yakafuata. Wengi humlaumu buibui, na wengine hudhani ni mkanda wa jeshi. Mara nyingi aliyesababisha hayo ni mbawakawa mdogo ambaye hakuuma wala kudunga, bali alipondwa tu kwa kiganja.

Mdudu huyo, ambaye wengi humwita nzi wa Nairobi, si nzi kamwe. Ni mbawakawa wa jenasi ya Paederus, mwenye urefu usiozidi sentimita moja. Kichwa chake na ncha ya tumbo ni vyeusi, ilhali kifua na sehemu kubwa ya tumbo vina rangi ya machungwa iliyokoza. Mbawa zake ngumu za juu hung'aa kwa rangi ya samawati, nazo ni fupi kiasi kwamba tumbo hubaki wazi. Ufupi huo ndio kitambulisho cha jamii yake, Staphylinidae, yenye zaidi ya spishi 60,000 zinazojulikana duniani. Nyingi kati ya hizo hazimdhuru binadamu.

Makao ya wadudu hawa yako chini ya nyayo zetu. Katika misitu kama ule wa Mau Kusini Magharibi, unaopakana na mashamba ya majanichai ya Kericho na Bomet, majani na vijiti vinavyoanguka huoza polepole na kufanya tandiko lenye unyevu. Humo mna funza, utitiri na kuvu, na humo ndimo mbawakawa wa jamii hii huwinda.

Paederus hutaga yai mojamoja katika udongo au mboji yenye majimaji. Mahali hapo pakikauka, mayai na mabuu hufa. Ndiyo sababu mdudu huyu hupatikana pia kandokando ya mito, katika vinamasi na katika mashamba yanayonyunyiziwa maji. Ndiyo sababu pia idadi yake hufurika baada ya mvua kubwa, kama ilivyotokea nchini mwaka wa 1998 kufuatia El Nino, na tena mwaka wa 2007.

Hata hivyo, spishi za jamii hii hazikuenea kwa usawa. Paederus sabaeus hupatikana kutoka Sierra Leone hadi Afrika Mashariki, kwani huruka na kuyazoea mashamba. Kinyume chake, katika milima mirefu ya eneo letu mna spishi zisizoweza kuruka, na baadhi yazo haziishi kwingine ila katika mlima mmoja. Msitu ukifyekwa, yule wa kwanza huhamia shambani. Huyu wa pili hana pa kwenda.

Hapo ndipo lilipo suala zito kwa nchi ya majanichai. Ripoti ya jopokazi la serikali kuhusu Mau, iliyotolewa mwaka wa 2009, ilionyesha kwamba zaidi ya hekta 100,000, yaani takriban robo ya msitu huo, zilikuwa zimepotea. Miti ikiondoka, jua hufika ardhini, tandiko hukauka na wawindaji wake hutoweka. Ukanda wa chai ya Nyayo, ulioanzishwa mwaka wa 1986, ulinuiwa kuwa ngao ya msitu dhidi ya uvamizi. Lakini mchai mmoja unaopogolewa kila mara hauwezi kuzaa mboji ya miti ya kiasili ya aina nyingi.

Je, sumu hutoka wapi? Imo katika damu ya mdudu, nayo huitwa pederini. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 ulibainisha kwamba hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Sumu hiyo huzuia chembe za ngozi kuunda protini, na kwa kuwa kazi hiyo huchukua muda, madhara hujitokeza baada ya siku moja au mbili, wakati mwathiriwa ameshamsahau mdudu.

Akikutua mwilini, usimponde. Mpulizie pumzi au mwache apande kwenye karatasi. Ukimponda bila kukusudia, osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji, fua nguo zilizoguswa, na usifikiche macho. Jicho likiathiriwa, lioshe kwa maji mengi kisha umwone daktari. Kwa kuwa wadudu hawa huvutiwa na mwanga, funga madirisha jioni, zima taa zisizohitajika na ulale ndani ya chandarua.

Aidha, mkulima asikimbilie kunyunyizia dawa ukingo wa msitu. Mbawakawa huyu hula wadudu wadogo wanaoharibu mimea, na dawa inayomwua huwaua pia jamaa zake wasio na sumu, wanaofanya kazi hiyohiyo usiku na mchana bila malipo.