Chawa, Kijiko na Tini

Kila lugha ina jina la mtu asifuye ili ale. Wazee wetu walimwita mjipendekezaji. Vijana wa leo humwita chawa, na kazi yake uchawa. Jina hili lasikika kwa wafuasi wa waimbaji, lasikika katika siasa, na ajabu ni kwamba wako wajiitao hivyo kwa fahari.

Ndugu zetu wasemao Kiurdu humwita khushamadi, neno lililotoka katika Kiajemi, nalo lina harufu ya kukaribisha na kupendeza. Lakini mitaani humwita chamcha, yaani kijiko: chombo kisicho na chakula chake, kiinukacho kwa mkono wa mwenye sahani.

Waingereza husema «sycophant». Neno hili ni la Kiyunani, na ndani yake mna tunda la tini, ingawa wataalamu hawajakubaliana tini hiyo iliingiaje. Katika mji wa Athens wa kale lilikuwa jina la mtu awashitakiye wenziwe kwa uongo ili apate fedha. Baadaye, katika Kiingereza, likawa jina la msifu wakubwa. Kwangu mimi safari hiyo si ndefu: ulimi uliokusifu asubuhi ndio uwezao kukuchongea jioni, maana bei yake ni ile ile.

Hata hivyo jina letu la chawa naliona limewashinda yote. Matabibu wametufundisha kwamba chawa humkimbia mtu mwenye homa kali, na maiti ikipoa huihama akatafute mwili mwingine wenye joto. Wenyeji wa Chunya, ambako dhahabu ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920, hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mchimbaji wa Itumbi au Matundasi ambaye mawe yake yamesagwa karashani yakatoa dhahabu nyingi, siku hiyo hiyo hupata jina la bosi. Mzaha wake huchekwa kabla haujaisha. Dhahabu yake huipeleka katika soko la madini, ambamo hupimwa uzito na usafi. Sifa zake hazipimwi na mtu. Duara likikauka, wale waliocheka huonekana kwenye duara la jirani.

Lakini chawa haishi pasipo mwili wa kumlisha. Ndiyo maana dini yetu haikumlaumu msifu peke yake. Katika Sura ya Aali Imran, aya ya 188, wameonywa wale wapendao kusifiwa kwa mambo wasiyoyatenda. Naye Mtume Muhammad (s.a.w.), aliposikia mtu akimsifu mwenzake mbele yake, alimwambia kuwa amemkata shingo, kisha akafundisha kwamba asiyekuwa na budi kusifu aseme yale ayadhaniayo, na hesabu amwachie Mwenyezi Mungu. Bukhari na Muslim wote wawili wameipokea habari hiyo. Tena Muslim amesimulia kwamba Miqdad (r.a.) alimrushia changarawe usoni mtu aliyekuwa akimsifu Sayyidna Uthman (r.a.), akitekeleza amri ya Mtume juu ya wenye kusifu.

Shukrani haikukatazwa, wala neno jema kwa mtoto aliyehifadhi sura yake. Hatari iko kwa baba aliyekwisha kuzoea sifa za karashani, kwani akirudi nyumbani na mkewe akamwambia kuwa ada ya mtoto haijalipwa, humwona mke huyo kuwa ni adui. Na katika wale wote waliomwita bosi, hakuna hata mmoja aliyemwuliza habari ya ada.